Eti sisi hatuna ungwana?

Leo sina vichekesho. Nina neno moja tu ambalo limenichosha masikio tangu Juni 2024. Nimelisikia kwa wabunge, kwa mapasta, kwa wachambuzi wa televisheni, na zaidi ya wote kwa Baba yangu, mezani, chapo mkononi. Ungwana. Kwamba kizazi chetu hakina ungwana. Tunapiga kelele, tunawabandika wakubwa majina, tunaimba katikati ya barabara. Basi nimeamua kulifuata hilo neno hadi lilikotoka, na huko nimekuta mambo ambayo wanaolitumia kutunyamazisha hawangependa tuyajue.

Nianze na Kasongo, kwa sababu vita vya nyumba yetu vilianzia hapo.

Kama wazazi wako walikulia Kenya ya miaka ya themanini, huo wimbo unaujua hata kama hujui kwamba unaujua. Ni wa Orchestra Super Mazembe, wanamuziki wa kutoka Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, waliopitia Zambia wakaingia Nairobi katikati ya miaka ya sabini. Ulitoka mwaka wa 1977. Umeimbwa kwa Kilingala, na wazee wetu wengi wameucheza zaidi ya miaka arobaini bila kuelewa nusu yake. Ni mwanamke anamsihi mumewe, Kasongo, arudi nyumbani. Ni hiyo tu. Kwetu Uthiru ni wimbo wa Jumapili jioni: Mathe anasukuma chapo, Baba anapiga pasi mashati ya wiki nzima, gitaa likifika pale linapopanda anaiweka pasi chini, anacheza hatua tatu, anarudi kwa shati. Nimeona hivyo tangu nikiwa mtoto mdogo.

Halafu mwisho wa 2024 tukauchukua. Rais akawa Kasongo. Kabla ya hapo alikuwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia. Pia alikuwa Vasco da Ganya, kwa safari zake za ng'ambo na kwa hilo "ganya" ambalo sihitaji kulifafanua. Yeye mwenyewe amewahi kuyataja hayo majina hadharani akicheka. Baba hakucheka. Na hakukasirika kwa niaba ya Rais, alikasirika kwa niaba ya wimbo.

"Mmeniharibia," akasema. "Sasa nikiuweka kwa simu ndani ya mat, wataniangalia kama mchochezi."

Mimi nikaangua kicheko, yeye akapata mahali pa kuanzia. Rais anapingwa kwa kura, hapewi majina. Vijana wa siku zake walikuwa na heshima. Kisha akaishusha sauti, akaivuta vile mtangazaji wa redio huivuta, akauliza: "Je, huu ni ungwana?"

Kwa mliozaliwa juzi, hiyo haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela. Kipindi chake, "Je, Huu ni Ungwana?", kilianza mwaka wa 1966 katika Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ikawa KBC, na kiliendelea kwa zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa anasimulia tabia fulani ya mtu, vile watu wanaishi na majirani, vile wanajibeba mbele za wageni, halafu anakuachia hilo swali. Hakutukana mtu. Anauliza tu, na wewe ulipo unaona haya. Ndiyo maana mzazi yeyote Mkenya aliyepita miaka arobaini na tano anaweza kukumaliza na hilo swali hata bila kunyanyua mkono.

Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Viongozi wakatuma rambirambi, kila mtu akaandika kuhusu sauti ya dhahabu. Mimi nikaanza kusoma kuhusu familia yake, kwa sababu jina Mbotela nilikuwa nalijua kama mtaa wa Eastlands tu. Manze, sikulala mapema siku hiyo.

Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1940, katika jamii ya Frere Town. Frere Town si jina la kupendezesha tu. Ni kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka wa 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Babu zake Mbotela walikuwa miongoni mwao. Walitekwa huko kusini, upande wa Ziwa Nyasa, wakatembezwa hadi pwani na kupakiwa kwenye jahazi wakauzwe. Walikombolewa kwa sababu manowari ya Waingereza iliyokuwa ikizunguka baharini kuwinda biashara hiyo ilifuata jahazi lao. Baba yake Leonard, James Mbotela, aliiandika hadithi hiyo katika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka wa 1934. Kimekosolewa, na ni haki, kwa vile kinawasifu Waingereza kama vile wao hawakuwahi kununua mtu. Lakini ni moja ya mara chache ambapo waliopakiwa kwenye jahazi wamesimuliwa na uzao wao, kwa Kiswahili.

Hebu fikiria hilo jahazi kidogo. Usiku mmoja, upepo mmoja tofauti, ile manowari ingepita bila kuona kitu. Ukoo mzima ungeishia kwenye shamba la mtu, ng'ambo fulani, bila jina. Hakungekuwa na kitabu. Hakungekuwa na Tom Mbotela, mwanasiasa wa KAU aliyeuawa Nairobi mwaka wa 1952, ambaye ule mtaa umepewa jina lake. Na Baba yangu angekosa swali la kunitesa nalo.

Sisi wa upande huu wa Nairobi hatuna bahari. Bahari yetu ni kontena. Ukikaa Uthiru au Kangemi unazisikia usiku zikipanda Waiyaki Way, kutoka Mombasa kuelekea Malaba, zina majina ya kampuni za meli ubavuni, Maersk, MSC, na unajua kuna meli mahali imezishusha na ikaenda zake. Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa ananifundisha kusoma kwa kutumia hizo herufi. Na hata barabara yenyewe imebeba jina la mtu aliyetolewa hapa kwa nguvu kupelekwa pwani. Waiyaki wa Hinga alikamatwa Agosti 1892 pale Fort Smith, Kabete, karibu sana na kwetu. Hakufika baharini. Alikufa njiani, Kibwezi. Kila siku tunapita juu ya jina lake tukilalamikia jam.

Sasa turudi kwa neno lenyewe, kwa sababu hapa ndipo nataka mnisikize.

Ungwana kwa asili si kusema "shikamoo" na kula ukiwa umefunga mdomo. Katika pwani ya Waswahili, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru. Ana ukoo, ana kwao, hamilikiwi na mtu yeyote. Kinyume cha mwungwana hakikuwa mtu mkorofi, kilikuwa mtumwa. Adabu ziliambatana na hilo neno kwa sababu wenye uhuru walijiona ndio wenye adabu, vile matajiri hujiona ndio wenye akili. Na mlango ulikuwa umefungwa. Hata ukikombolewa, hukuhesabiwa kuwa mwungwana. Watu wa Frere Town waliitwa wamisheni, na hilo halikuwa jina la sifa.

Kwa hiyo angalia kilichotokea mwaka wa 1966. Mtu wa uzao wa watu waliotolewa kwenye jahazi la watumwa anaketi mbele ya kipaza sauti cha taifa, miaka mitatu tu baada ya Uhuru, na kila wiki yeye ndiye anayeuliza Wakenya wote, wakiwemo mawaziri, kama wana ungwana. Kama ungeyasema hayo mbele ya wale waungwana wa zamani wa nyumba za mawe, wangeanguka na viti vyao.

Na hakuwa wa kwanza kulichukua hilo neno kutoka kwa wenyewe. Wapagazi wa misafara ya karne ya kumi na tisa, waliotoka Zanzibar na Bagamoyo wakienda bara, wengi wao walikuwa watumwa au waliwahi kuwa watumwa. Njiani walijiita Waungwana. Stanley, yule Mzungu mwenye vitabu vingi, aliwaandika kwa jina hilohilo. Hakuna aliyewapa, walijipa. Kiswahili walichofika nacho mashariki mwa Kongo kikaitwa Kingwana, na kimezungumzwa huko hadi leo. Na mojawapo ya vituo vikubwa vya misafara hiyo, mahali ambapo Tippu Tip aliweka makao yake huko Maniema, ni mji unaoitwa, shika kiti, Kasongo.

Wimbo hauhusu huo mji, tuelewane. Kasongo wa wimbo ni mwanamume aliyepotea nyumbani. Lakini nilipoona hilo jina nilicheka peke yangu ndani ya mat hadi konda akauliza kama niko sawa. Mwaka mzima Baba ananiambia kumwita mtu Kasongo si ungwana, kumbe maneno hayo mawili yameishi mji mmoja.

Nilimpelekea hizo stori zote. Akasikiza, kwa sababu Baba husikiza, hata akiwa amekasirika. Halafu akaniambia kitu ambacho hajawahi kunisimulia.

Tarehe 1 Agosti 1982 alikuwa na miaka kumi na moja. Alfajiri hiyo wanajeshi wa kikosi cha wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Moi. Walimchukua Mbotela kutoka nyumbani kwake, wakampeleka studio za Sauti ya Kenya pale Harry Thuku Road, wakamfanya atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu kwa Rais wakakikomboa kituo, na sauti ileile ikawaambia Wakenya kwamba serikali ya Moi ingalipo. Baba aliyasikia yote mawili. Anasema Babu aliizima redio, akawapanga watoto kwenye kiti, akawaambia: mkiulizwa, nyinyi leo mlikuwa mmelala.

Miezi miwili kabla ya hapo, Juni, Bunge lilikuwa limeifanya KANU kuwa chama pekee kisheria. Baada ya hapo vikaja vyumba vya chini vya Nyayo House, hapo hapo tao kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambapo watu waliteswa huku sisi wengine, yaani wazazi wetu, wakipita juu wakienda kazini. Hiyo ndiyo Kenya iliyompa Baba ungwana wake. Redio moja, chama kimoja, na muziki wa mapenzi kutoka Kongo na Tanga, kwa sababu wimbo wa mumewe mtu kupotea haungekupeleka jela. Samba Mapangala, Simba Wanyika, Les Wanyika, nawapenda wote, hata mimi nachapa rumba. Lakini tusijidanganye kwamba wazee walikuwa wakiimba mapenzi tu kwa sababu walikuwa na moyo mlaini kutuliko. Waliona kilichotokea kwa walioimba mambo mengine.

Hapo ndipo nilielewa Baba anasema nini akisema "si ungwana". Anasema: usichukuliwe.

Na ana sababu. Desemba 2024, vijana kadhaa walitekwa baada ya kuweka mtandaoni picha za kumkejeli Rais. Mmoja wao alichukuliwa hapa Uthiru, mchana. Si Eastleigh, si Mlolongo, ni hapa tunaponunua mkate. Wiki hiyo yote Baba alikuwa anakuja kusimama geti saa kumi na mbili jioni akijifanya anaongea na mlinzi. Waliachiliwa mapema Januari. Usiku mmoja kabla ya hapo aliniomba, hakuniamuru, aliniomba, nifute vitu fulani nilivyokuwa nimechapisha. Vilikuwa vitano. Nilifuta viwili.

Kwa hivyo kwa Baba sina neno. Ungwana wake ni hofu iliyovaa shati safi, na hiyo hofu ndiyo imenilea.

Lakini huyo mheshimiwa anayelitumia neno hilohilo akiwa na walinzi sita, yeye hana hofu yoyote juu yangu. Anataka kimya. Juni 25, 2024 tulipoingia tao kwa sababu ya Mswada wa Fedha, watu walipigwa risasi karibu na Bunge. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, ilihesabu watu 39 waliokufa katika maandamano hayo kufikia Julai mosi. Siku iliyofuata ile ya Bunge, Rais alikataa kuutia mswada sahihi, ikaonekana kwamba kumbe ilikuwa inawezekana kuuondoa tangu mwanzo. Halafu jioni unafungua televisheni na mjadala ni: hawa vijana walilelewa na nani? Mbona wanaimba Anguka Nayo mbele ya polisi? Yaani maiti 39 mezani na swali la adabu ni kuhusu wimbo.

Mwaka uliofuata, Juni 25, 2025, tulirudi kuwakumbuka waliokufa. Mamlaka ya Mawasiliano ikaandika barua kuvitaka vituo vyote vya televisheni na redio viache kutangaza maandamano moja kwa moja, na baadhi ya vituo vikubwa vikazimiwa mitambo. Mahakama Kuu ikaisimamisha hiyo amri siku hiyohiyo. Nilimwonyesha Baba. Mwaka wa 1982 walikuja na bunduki kukichukua kipaza sauti, nikamwambia, sasa inatosha barua. Hakunijibu, ila aliisoma mara mbili.

Sisemi kila kitu tunachofanya ni safi. Siku hiyo ya 2025 maduka ya tao yalivunjwa. Kuna watu waliamka asubuhi wakakuta duka tupu, mali waliyoingoja wiki nzima kutoka bandarini imeenda na watu ambao hata hawakuwa na bango. Kumtukana mke wa mtu, kuchezea picha za marehemu ili upate watazamaji, huo si ungwana kwa maana yoyote ile, ya zamani wala ya sasa, na sisi wenye kurasa zenye wafuasi tunajua tumeyaachilia yapite kwa sababu yanavuta watu. Baba akiniuliza swali la Mbotela hapo, namjibu vizuri: hapana, si ungwana.

Ninachokataa ni kuulizwa mimi peke yangu. Kumpa kiongozi jina la wimbo wa mtu asiyerudi nyumbani, wakati yeye yuko safarini na hospitali hazina dawa, hilo ni jambo ambalo mtu asiyemilikiwa anaruhusiwa kufanya. Waulize na wao. Kumteka kijana wa watu kwa sababu ya picha, je, huu ni ungwana? Kuja kanisani na mfuko wa noti Jumapili na kupitisha ushuru Jumanne? Kumzika mtoto wa mtu na usitume hata simu? Hilo swali liliulizwa chini miaka hamsini, kwa raia, kwa watoto, kwa wanaokula mezani. Lina uzito wa kutosha kupanda juu.

Baba tumefika naye nusu ya njia. Amekubali maana ya kuzaliwa huru. Amesema kitabu cha James Mbotela angependa kukisoma, nikikipata, na kama kiko na maandishi makubwa. Kuhusu maandamano bado anataka nimtumie ujumbe nikifika Westlands, na mwingine nikifika Kangemi, kisha anakuja stejini mwenyewe. Na kuhusu Kasongo, amesema hatauacha wimbo wake kwa sababu ya siasa zetu. Ataendelea kuucheza kila Jumapili. Ila siku hizi, kabla hajauwasha, anazunguka nyumba nzima akifunga madirisha.